Sami wa Baiskeli, Aliyezikwa Saa Tatu Kabla ya Mwanawe Kufika

Majirani zetu wa Ansab, hapa Maskati, na jamaa mliotoka mbali, leo Jumamosi tarehe 14 Februari 2004, siku ya tatu ya msiba, familia imemtaka Msellem bin Ghanim, shemeji wa marehemu, asome maisha ya Sami Hepworth, na upande wa kina mama binti yetu Khawla anamfasiria Bi Maureen kwa Kiingereza, binti wa marehemu, aliyetoka Uingereza kumwona babake akakuta keshazikwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1929 mjini Halifax, kaskazini ya Uingereza, jina lake Samuel, mtoto wa mfumaji wa sufu, akasoma hadi umri wa miaka kumi na minne, akaingia karakana ya baiskeli, na toka 1949 hadi 1958 alishindana mbio za barabarani, mvua yake na baridi yake, mipira ya magurudumu ya akiba kaizungusha mabegani, na uliopasuka akiufumua na kuushona mwenyewe kwa sindano. Mwaka 1953, katika mbio za siku nane, karatasi zinasema alikuwa wa nne, lakini Msellem amewaambia watu daima kwamba alikuwa wa kwanza, kwa sababu wale watatu hawakupasukiwa mara tano.

Alimwoa Bi Doreen tarehe 9 Aprili 1955, wakamzaa Maureen mwaka 1957, wakaachana mwaka 1971, na kwa miaka ishirini na minane baba na binti hawakupelekeana hata salamu.

Alifika Maskati Januari 1974 kupima barabara, ofisi moja na Msellem, ambaye alimwalika chakula cha mchana, naye akaja kwa baiskeli na kisuruali cha kubana, hata mama yetu Bi Shaikha akasema, "Msellem, mgeni wako kasahau suruali njiani, mpe kikoi kabla sijafumbua macho." Alisilimu mwaka 1977, akamwoa Mastura, dada yake Msellem, tarehe 17 Machi 1978, wakajaaliwa mtoto wa kiume, Loay. Alipostaafu mwaka 1990 aliendesha kila asubuhi hadi Qurum, ambako mtu haendi hata dukani bila gari, madereva wakimsimamia, "Mzee, gari limekuharibikia? Panda!" naye akiwajibu kwa Kiunguja alichojifunza nyumbani kwetu, "Tangulia mwanangu, nnakukuta kwenye taa," na wallahi akiwakuta.

Mwaka 1999 alimwandikia Maureen, akajibiwa mwaka 2001, na tangu hapo kila Ijumaa simu. Oktoba 2003 aligunduliwa saratani ya ini, madaktari wakampa wiki sita, yeye akazifanya miezi minne, akimwambia Mastura, "Nnamsubiri tu."

Alifariki nyumbani, Alkhamisi tarehe 12 Februari, saa kumi na moja alfajiri, na ndege ya Maureen ilikuwa itue saa moja usiku siku hiyo hiyo. Mastura aliomba tungoje, imamu akasema kungoja hadi baada ya Isha hakuna ubaya, lakini Msellem alikwishatangaza maziko baada ya Alasiri, magari yamejaa hadi mzunguko wa barabara, na anapenda kuonekana mtu ambaye shughuli zake hazilali, akasema, "Watu wote hawa niwaambie tunamngoja Mzungu?" Mastura akamjibu, "Si Mzungu, kaka. Ni mwanawe." Tukazika saa kumi. Maureen aliposhuka, bado hajaambiwa kitu, aliuliza chumba alicholala babake, na Khawla akashindwa kufasiri jibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kupokea wageni, na wenzake wa ofisini waliobeba jeneza. Msellem, anayesoma mbele yenu, hana la kujitetea, saa tatu zilikuwa mkononi mwake akazinyima, na anamwomba Bi Maureen radhi hapa, mbele ya watu wale wale aliowaonea haya.

Shemeji Sami, mwanao kafika. Pumzika sasa, kwa amani.