Mama Chaki, Aliyetembea Nyuma ya Wazee

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Leo sauti yangu haijatulia, mtanisamehe. Tunamkumbuka mama mmoja aliyezikwa Jumanne. Tangu nizungumze na wanawe, sikai vizuri kwenye kiti. Sababu nitawaambia.

Mama huyo wengi mlimjua kwa jina la Mama Chaki. Amefariki akiwa na miaka sabini na tisa. Alikuwa mfupi, miwani imefungwa kamba, mkoba wa kitambaa begani. Watu walidhani ni mwalimu, lakini hakuwahi kufundisha darasani hata siku moja. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi hospitalini, kitengo cha mazoezi ya viungo. Aliwafundisha watu kutembea upya. Mtu amevunjika nyonga, amelala majuma kadhaa, miguu haina nguvu. Mama Chaki anasimama pembeni yake na kumwambia, "Haya bwana mkubwa, hatua moja. Hatukimbizwi na mtu."

Sasa hiyo chaki ilitoka wapi?

Asubuhi moja, akiwa kazini amemshika mkono mgonjwa, mama yake mzazi aliteleza bafuni nyumbani. Aliteleza saa mbili asubuhi. Alikutwa saa tisa alasiri. Saa saba nzima sakafuni, wasikilizaji wapendwa. Majirani wanapita nje, redio inaimba sebuleni, hakuna aliyejua. Bibi yule aliishi miezi mitatu tu baada ya hapo.

"Mama hakujisamehe," ananiambia binti yake mkubwa, ambaye ni mshonaji. "Alikuwa akisema, wa wenzangu nawasimamisha, wangu yuko chini."

Tangu mwaka ule, kila akitoka kazini alikuwa akipita nyumba za wazee. Alipostaafu, ikawa ndiyo shughuli yake ya kila siku. Anabisha hodi, anaamkia, anakataa kukaa. Halafu anamwambia mzee, "Nipeleke kutoka kitandani kwako mpaka chooni. Tembea kama siku zote, mimi sipo." Mzee anatangulia, yeye yuko nyuma, chaki mkononi. Kila mahali mkono wa mzee ulipogusa ukuta, Mama Chaki aliweka alama ya X. Akimaliza anaita familia. "Hapa, hapa na hapa, fundi aweke chuma cha kushikilia. Na hilo zulia likunjwe leo." Zulia alikuwa halijadili. Wengine walimnunia kwa ajili ya mazulia yao.

Kuna siku aliweka alama kwenye ukuta wa ngazi za nje za nyumba fulani. Jirani akaiona ile X, akapiga kelele kwamba nyumba zinabomolewa. Mama Chaki alipopita jioni alikuta makabati matatu na kitanda viko barabarani, na mzee mmoja amekaa juu ya friji yake analinda mali. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamteremsha yule mzee kwenye friji, taratibu, kwa mikono miwili.

Lakini alijua pia kukasirika. Kulikuwa na dereva wa treni mstaafu ambaye nyumba yake iliwekwa alama Ijumaa. Jumapili familia ikatarajia wageni wa heshima. Mkwe, kwa nia njema kabisa, akaosha ukuta ukang'aa. Jumatatu fundi akaja, hakuona alama hata moja. Naye hakuuliza. Akaweka vyuma viwili vizuri, vimelingana, kwa kimo chake yeye, na fundi yule alikuwa mrefu kama mlingoti. Juma halikuisha. Mzee akapeleka mkono pale alipozoea, akakuta ukuta mtupu. Akavunjika kiwiko.

Mama Chaki alifika, akavitazama vile vyuma. Akasema, "Mmepamba nyumba. Mimi sikusema mpambe nyumba." Mkwe wa yule mzee aliniambia maneno hayo bado anayasikia.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nafika pale panaponinyima raha.

Mama Chaki mwenyewe alizeeka. Aliishi peke yake, nyumba ya vyumba vitatu, korido ndefu. Kuta zake hazikuwa na alama hata moja. Binti yake alianza kuona michubuko. Akiuliza, anajibiwa, "Nimejigonga kabatini." Mara ya pili, kabati. Mara ya nne, kabati lile lile.

"Nikamwambia, mama, leo wewe tangulia, mimi nikae nyuma," anasema yule mshonaji. "Akanitolea macho. 'Mwanangu, unataka kunifundisha kazi yangu?' Nikanywea."

Na hapo ndipo shida ilipo. Kazi ile huwezi kujifanyia mwenyewe. Mkono unakwenda ukutani wenyewe, na mwenye mkono hana habari. Lazima mtu mwingine akuone. Mama Chaki alilijua hilo kuliko sisi sote, na bado hakukubali kuonwa.

Mwanawe wa pili ni dereva wa lori. Yeye alikuwa akimpigia simu kila mchana akiwa safarini. Simu ikiita mara tatu bila kupokelewa, anaegesha lori pembeni, anaanza kutoka jasho. Mama alilijua jambo hili. Alimjua mwanawe.

Alhamisi moja, mchana, simu iliita. Simu ilikuwa mezani sebuleni. Mama Chaki alikuwa jikoni, kandambili miguuni, moja imeisha soli. Akaharakisha. Yeye aliyewaambia watu wote kwamba hatukimbizwi na mtu, alikimbia.

Nilimwuliza dereva yule kama niyaseme haya redioni. Akasema, "Yaseme. Mama alikuwa anawahi ili mimi nisipate wasiwasi. Waambie watu wawaachie wazazi simu mfukoni, siyo mezani. Waambie, isipopokelewa utapiga tena, wasikimbilie."

Jirani alimkuta sakafuni baada ya nusu saa. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alilazwa katika wodi ile ile aliyoifanyia kazi. Majuma matatu baadaye nimonia ikamchukua.

Kabla hajatuacha alimpasulia binti yake ukweli. "Niliogopa," alisema. "Ungeona jinsi mkono wangu unavyotafuta ukuta, ungenitoa nyumbani kwangu."

Binti akamjibu, "Nisingekutoa, mama. Ningeita fundi tu."

Wote wawili walilia. Maneno yale yangesemwa mwaka mmoja mapema, huenda leo nisingekuwa nasoma habari hii. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Kwa mshonaji wetu, kwa dereva wetu wa lori, kwa wajukuu watano na kwa wote aliowasimamisha kwa miguu yao, poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Na wewe kaka dereva, kupiga simu hakukuwa kosa. Ulimpenda mama yako, naye alilijua hilo.

Nanyi mnaonisikiliza, mna mzazi anayeishi peke yake? Tunapiga simu, tunauliza hujambo, anajibu sijambo, tunakata simu, roho zimetulia. Kumbe hatujauliza kitu. Leo uliza hivi: "Tangu tulipoonana, umeanguka mara ngapi?" Usiseme "hujaanguka, eti?" kwa maana hapo umeshampa jibu. Uliza mara ngapi. Na mwambie kabla hajajibu kwamba hakuna atakayemhamisha. Kisha nyamaza, ngoja.

Mimi nimejaribu. Baba yangu ana miaka themanini na mbili, anaishi peke yake. Nilimpigia saa moja kabla ya kuingia studio. Nilikuwa na hakika atanicheka. Nikamwuliza, "Baba, umeanguka mara ngapi?"

Hakucheka. Nilisikia anavuta kiti, anakaa.

"Mara tatu," akasema. "Lakini usimwambie dada yako."

Dada, najua huwa unanisikiliza saa hizi. Natoka hapa sasa hivi. Tukutane kwa baba.