Mji wa Fundi Bado Umesimama

Benchi la Birika si benchi hasa. Ni ubao wa jukwaa la ujenzi uliolazwa juu ya matofali, wenye madoa ya saruji ambayo makalio ya mji mzima yameshindwa kuyasugua. Limewekwa mbele ya jengo la kwanza la matofali katika mji huu, duka lenye vyumba viwili kwa nyuma, alilolijenga baba yake Birika kwa mikono yake. Hapo hukutana kila asubuhi wanaume watatu wasio na haraka, kunywa kahawa na kuiendesha dunia: Mkurugenzi, ambaye hajawahi kuongoza hata mbuzi, Nati, fundi baiskeli, na Spika, fundi cherehani, ambaye akinong'ona anasikika sokoni. Birika humimina na kusikiliza. Lakini asubuhi hiyo alikuwa anamimina tu, hasikilizi, maana ukutani, nyuma ya migongo ya hao watatu, kulikuwa na alama kubwa ya X nyekundu, na siku ya kubomoa ilikuwa ndiyo hiyo. Na baba yake, Fundi, ambaye macho yake yalikwisha zima zamani, alikuwa chumbani anavaa shati. Hajui lolote.

— Umemwambia? aliuliza Nati.

— Bado, alisema Birika.

— Bado! Mashine iko njiani, mwenzetu anasema bado!

— Mwambie wewe basi. Mdomo unao.

— Baba ni wako.

Mkurugenzi akakohoa. Mkurugenzi akikohoa, jua methali inakuja.

— Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Huyu ukuta alishajenga, Spika alimkata. — Methali yako imefika mazishi yamekwisha.

— Ndiyo maana nasema! Angeacha ufa kidogo, serikali ingemwonea huruma.

— Kunywa kahawa, Mkurugenzi.

Birika hakucheka. Usiku kucha alikuwa amejigeuza kitandani kama chapati, akiyapanga maneno. Baba, jengo linavunjwa. Maneno matatu tu, mtoto mdogo anaweza kuyasema. Kulipokucha, akaingia chumbani kwa mzee, akafungua mdomo, kilichotoka ni: "Baba, umelalaje?"

— Mimi nauliza, alisema Nati, uongo huu nani aliuanza?

— Usinitazame mimi, alisema Spika.

— Nakutazama wewe. Siku ile walipovunja zahanati, mzee alitoka hapa mlangoni akauliza, "Zahanati ipo?" Ukajibu, "Ipo, Fundi, imejaa wagonjwa."

— Alikuwa na kikombe mdomoni! Ulitaka apaliwe?

— Na soko je?

— Soko ulijibu wewe.

— Mimi nilisema lipo tu.

— Ulisema lipo na limewekwa saa ukutani, Nati. Saa yenye kengele.

— Saa ilimfurahisha, Nati alisema kwa sauti ndogo.

— Na shule? Nani aliipandishia shule ghorofa?

Wote wakamgeukia Mkurugenzi.

— Watoto wameongezeka, alisema Mkurugenzi. — Mlitaka wakasomee wapi?

Ndivyo ilivyokuwa, jamani. Fundi tangu apofuke alikuwa anaulizia majengo yake kila asubuhi, kama mtu mwingine anavyoulizia watoto walioolewa mbali. Zahanati haijambo? Soko je? Kituo cha polisi kinavuja? Mji ulikuwa unapanuliwa, barabara inataka njia, na majengo ya Fundi yalikuwa yameanguka moja baada ya jingine, mpaka likabaki hili la kahawa. Lakini pale kijiweni hakuna lililoanguka. Kijiweni yalikuwa yanapakwa chokaa, yanaongezwa madirisha, yanatembelewa na wageni wa heshima. Mzee alikuwa anarudi chumbani kwake na mji mzuri kuliko aliowahi kuujenga.

— Mnakumbuka lakini, alisema Spika, alipofika hapa palikuwa na nini? Njia panda na kibanda cha kuuzia chumvi. Basi! Yeye amekuja kwa miguu, mwiko kiunoni, timazi shingoni kama hirizi. Watu wakamuuliza, wewe umefuata nini huku? Akasema, nimefuata mji. Wakamwambia mji haupo. Akasema, nitausubiri huku nikiujenga.

— Na akamwoa mama yake Birika kwa maji, alisema Nati.

— Kwa maji! Binti anateka maji ya kukorogea udongo wa jengo hili hili. Akileta ndoo, Fundi anasema hayatoshi. Akileta nyingine, hayatoshi. Mpaka baba wa binti akaja mwenyewe kuangalia, kinachojengwa ni duka au kisima!

Hapo hata Birika midomo ilimlegea kidogo. Mama yake alikuwa akipenda kukisimulia kisa hicho, na alikisimulia kwa mara ya mwisho katika chumba cha nyuma cha jengo hili, akiwa kitandani, siku chache kabla hajafumba macho. Fundi alikuwa ameegemea ukuta, anamsahihisha kuhusu idadi ya ndoo.

— Ila shule ndiyo ilimmaliza, alisema Mkurugenzi.

— Acha hiyo, alisema Nati.

— Nasema ukweli. Kifungua mimba wake, kijana aliyekuwa anashika mwiko kama baba mtupu, akaanguka na jukwaa siku ya kupandisha kenchi za paa. Wamemzika. Kesho yake Fundi kapanda mwenyewe kule juu kumalizia paa. Mama mtu mpaka anakufa hakuikanyaga ile shule. Ndipo wahenga wakasema, asiye na mwana aeleke jiwe.

Birika akaacha kumimina.

— Asiye na mwana? alisema Birika. — Na mimi nani, Mkurugenzi?

— Sikuwa na maana hiyo, ndugu yangu.

— Mimi ninayekumiminia kahawa hapa, nani?

— Methali iliniteleza.

Haikumteleza, na Birika alilijua hilo. Alikuwa bado mtoto alipojenga ukuta wake wa kwanza, wa ua wa nyuma, na akaenda kumwita baba yake kwa mbio. Fundi alikuja, akaishusha timazi, akaitazama ikitulia. Kisha akaweka mguu, akasukuma. Ukuta ukalala chini. "Ukuta uliopinda ni uongo," alimwambia, "na uongo huua watu. Nenda kamsaidie mama yako." Tangu siku hiyo Birika alishika birika, na Fundi hakumwita tena kwenye kazi. Akitajiwa wanawe alikuwa anasimulia habari za marehemu tu.

— Ofisini ulikokwenda kulitetea jengo, walikwambiaje? aliuliza Nati, kubadilisha maneno.

— Wanataka ramani, alisema Birika. — Nimewaambia ramani haipo, mzee alikuwa anachora chini kwa kijiti. Wakafungua karatasi yao, wakaitandika mezani, wakanionyesha. Hapa tulipokaa ni peupe. Wananiambia, jengo lako halipo, sasa tunabomoaje kitu kisichokuwepo? Nikasema, basi msibomoe. Wakasema, haiwezekani, liko njiani.

— Loo! Spika alishika kichwa. — Halipo, na liko njiani!

— Ndio hivyo.

Kikombe kikazunguka. Halafu Mkurugenzi, ambaye kimya humwasha kama upupu, akaanza.

— Sikilizeni. Tuwaombe waache ukuta mmoja. Huu wa mbele. Mzee anatoka, anaugusa, anarudi.

— Anarudi wapi? Chumba kitakuwa kimekwenda!

— Tunamjengea kibanda nyuma ya ukuta.

— Katikati ya barabara, malori yanapita?

— Bora tumpeleke kwenye jengo jingine, alisema Spika. — Tunamzungusha mjini mpaka achoke, tunamwingiza kwingine, tunamwambia karibu nyumbani.

— Spika, yule ni mwashi. Anagonga ukuta kwa kidole anakwambia umetiwa mchanga wa mto gani. Utamdanganya na tofali za saruji?

— Basi imebaki moja, Mkurugenzi alisema, na akainamisha kichwa kana kwamba analeta salamu kutoka juu. — Tumwambie amekufa.

— Nani amekufa?

— Yeye. Kipofu atajuaje? Tunamwambia, Fundi, pole, umetutoka jana, huku ni ahera, na jengo lako huko duniani limebaki zima.

Nati alianza kucheka, kikaishia machozi. Alifuta macho kwa kiganja chenye grisi, kikamwachia alama nyeusi shavuni, na hakuna aliyemwambia.

Mlango ukalia. Fundi akatoka.

Alikuwa amevaa shati jeupe lile la sikukuu, limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Kitanda chake na sanduku lake vilikuwa vimekwisha hamishiwa kwa Nati. Birika alimwambia ni ili rangi isivichafue. Maana huo ndio uongo wa mwisho, na ndio uliozaa balaa lote hili. Siku walipokuja kuchora ile X, mzee alisikia harufu. "Nani anapaka rangi jengo langu?" aliuliza. Spika akajibu upesi, kama kawaida yake: "Wanalipaka upya, Fundi. Jengo zima." Birika alikuwepo. Alinyamaza.

— Shikamoo, Fundi, walisema wote kwa pamoja.

— Marahaba. Shule ipo?

— Ipo, alisema Mkurugenzi. — Na ghorofa yake.

— Soko?

— Lipo, alisema Nati. — Saa haijagonga bado.

— Vizuri. Na wapaka rangi wangu?

— Wako njiani, baba, alisema Birika.

Ukuta ulikuwa jirani. Fundi aliutafuta kwa mkono, akaupata, akauegemea, kiganja chake kikiwa juu ya ile nyekundu.

— Nimesikia wenzako wanasema kazi hii umeihangaikia wewe, alisema. — Umekwenda ofisini, umesimama nao, mpaka wamekubali.

Birika aliwatazama wale watatu. Spika alikuwa anaangalia viatu vyake.

— Mwanangu, nilikuwa nasema fundi katika nyumba hii alikuwa mmoja, na nimemzika. Nilikukosea. Mtoto anayelitunza jengo la baba yake ni fundi huyo. Leo nataka watu wajue hivyo.

Akampapasa bega, akalikosa, akalipata. Halafu akajivuta taratibu mpaka pembe ya jengo, akaketi kwenye ngazi, mikono magotini, kama bwana harusi anayesubiri gari.

Birika alisimama palepale. Miaka yote alikuwa anayangoja maneno hayo, na yamekuja leo, kwa sababu hii.

— Nenda kamwambie sasa, Nati alimnong'oneza. — Sasa hivi, kabla hawajafika.

— Nimwambie nini, Nati? Umemsikia.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Huyu si mwana, ni baba!

— Hata mimi nimeona haikai vizuri, alisema Nati, lakini kuna kitu ndani yake.

Nyuma ya jengo ngurumo ilisikika, ikasogea, ikazimika. Baada ya kitambo akatokea kijana wa watu, mgeni, amevaa buti na kofia ngumu ya njano. Aliwasalimu kwa adabu, akaomba kahawa. Birika aliinamisha birika mpaka chini kabisa; kilitoka kikombe kimoja, nusu yake machicha. Kijana alikinywa hivyo hivyo, amesimama. Hakuna aliyehitaji kuuliza yeye ni nani. Nyuma yake, juu ya paa, ulikuwa unaonekana mkono mrefu wa chuma wa ile mashine.

— Samahani, wazee wangu, alisema kijana. — Yule babu aliyekaa kwenye ngazi pale pembeni ameniamkia vizuri sana. Ameniuliza nimekuja na rangi gani. Nimwambie rangi gani?

Spika alifungua mdomo. Spika, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akaufunga. Nati akageukia ukutani. Mkurugenzi hakukohoa.

Birika akaliweka birika chini. Akamwendea baba yake, akamshika mkono, akamwinua.

— Baba, alisema.

— Naam.

— Baba, jengo...

— Jengo limefanya nini?

Uso wa mzee ulikuwa umeinuka, unangoja. Kifungo cha shingoni kilikuwa kimembana.

— Jengo watalipaka nyeupe, alisema Birika. — Twende kule ng'ambo, rangi isikurukie shati.

— Nyeupe nzuri, alisema Fundi. Kabla hajaondoka aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akaridhika. Kisha akamwita yule kijana.

— Waanzie juu wenzako. Anayeanzia chini anachafua kazi yake mwenyewe.

Kijana alikuwa amevua kofia, ameishika mkononi. Alimtazama Birika, akatazama chini.

— Tutaanzia juu, babu.

Wakavuka barabara. Nati na Spika walibeba ubao, Mkurugenzi akabeba matofali yake kifuani, hakusema ni mazito. Wakaupanga upya ng'ambo, wakamkalisha mzee katikati, wakajibanza wawili huku na wawili kule. Spika akaanza kuongea kwa sauti kubwa, anaongea tu, habari za hali ya hewa, za bei ya uzi, za saa ya soko.

Fundi aliinua mkono.

— Nyamazeni kidogo, alisema. — Nataka kuisikia brashi.

Wakanyamaza. Kule walikotoka, kijana alikuwa anapanda kwenye kiti cha mashine.