Ngazi Alitafutiwa Nafasi Mpaka Akaisha

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, na anayeosha vyombo aviache kwanza. Leo tunamkumbuka binti aliyecheza mpira wa kikapu katika timu ya chuo. Nyumbani walimwita Ngazi. Alikuwa na miaka ishirini. Narudia, wasikilizaji: miaka ishirini, na tumemzika.

Ngazi alikuwa mrefu tangu utotoni. Sufuria ikiwa juu ya kabati, aitwe yeye. Balbu ikiungua, aitwe yeye. "Wadogo zake walikuwa wakimwambia asimame wima wapande," anasema mama yake. "Anacheka mpaka anakaa chini."

Baba yake ni fundi cherehani. Kibanda chake kina cherehani moja, kioo kirefu na pazia la kujaribia nguo nyuma yake. Ni mtu wa maneno machache.

Siku ya majaribio chuoni, Ngazi alipewa mpira, akaanza kuugawa. Alimwona mwenzake aliye wazi kabla mwenyewe hajajua kwamba yuko wazi. Kocha alimpenda palepale. Kisha akautazama urefu wake, akaharibu kila kitu. "Binti mrefu hivi nimweke mbali na goli? Si nitachekwa!" Akampeleka chini ya goli.

Chini ya goli ni kusukumana. Panataka mtu mzito. "Ongeza mwili," kocha akamwambia. Ngazi akala hata pasipo njaa. Akanenepa. Baba akazifumua jezi zake, akazipanua. Bado wapinzani walimsukuma kama mlango usio na komeo.

Kocha akabadili mawazo. Sasa akae pembeni, akimbie, arushe kutoka mbali. "Punguza mwili." Ngazi akapunguza. Baba akazibana jezi zilezile. Msimu uliofuata, rudi chini ya goli, ongeza. Baadaye tena, toka, punguza. Hakubisha hata mara moja. Alikuwa mtoto wa kuambiwa, na mtoto wa kuambiwa husifiwa na kila mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mafundi cherehani wana adabu yao. Mteja akinenepa, fundi hasemi. Akikonda, hasemi. Anapima, anashona, basi. "Ukimwambia mtu amekwisha, harudi tena," baba yake Ngazi ananieleza. "Nilifundishwa hivyo nikiwa kijana." Adabu hiyo aliishika kwa wateja wake wote. Akaishika na kwa binti yake.

Mama hakunyamaza. "Mwanangu, mbona umebaki mifupa?"

"Mazoezi, mama."

Mama akamgeukia mumewe. "Baba Ngazi, wewe ndiye unayempima. Sema neno!"

"Hayo ni mambo ya michezo," akajibu. "Kocha anajua."

Jumamosi moja Ngazi alisimama mbele ya kile kioo. Baba yake akawa nyuma yake, anakusanya kitambaa cha jezi kiunoni na kubandika pini. Kitambaa kilikuwa kingi, mtu mwenyewe kidogo. Mikono ya baba ilijua. Ananiambia ilijua kabisa.

"Baba, imenikaa?"

"Imekukaa, mama."

Wiki ileile mchezaji wa kugawa mpira aliteguka kifundo cha mguu. Kocha hakuwa na mwingine, akamweka Ngazi. Wasikilizaji, binti alicheza! Pasi zilipita katikati ya watu, wenzake wakafunga mpaka wakachoka kupongezana. Kocha akampigia baba simu, sauti imemkauka kwa kushangilia. "Mzee, tumeipata! Nafasi yake tumeipata!" Ilikuwa ni ileile aliyoicheza siku ya majaribio.

Mtadhani hapo mtoto alipona. Hapana. Kocha alimwambia mwili huohuo ndio unaofaa, asiongeze hata kidogo. Na Ngazi, mtoto wa kuambiwa, akatii. Asubuhi ya mazoezi yaliyofuata alianguka katikati ya uwanja, mpira ukaendelea kudunda peke yake mpaka ukutani. Hospitali hawakuweza kitu. Daktari aliwaambia wazazi kwamba moyo ulishindwa kwa sababu mwili ulikosa chakula kwa muda mrefu.

Msibani kocha alipiga magoti mbele ya baba. Alilia wazi, bila aibu. "Mzee, nilimzungusha bure. Mahali pake palikuwa palepale alipoanzia. Nisamehe."

Baba alimwinua. "Wewe ulitazama kimo," akamwambia. "Mimi nilishika kiuno chake kwa mikono hii, nikasema imekukaa."

Hajashona tangu siku hiyo. Wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonwa, na hakuna anayemlaumu. Ningependa kuwaambia kwamba anapata nafuu. Sitawadanganya.

Kwa baba, kwa mama, na kwa wadogo zake Ngazi, poleni sana. Sisi wa redio hii tumelia pamoja nanyi. Kwa wachezaji wenzake, poleni.

Na wewe unayenisikiliza, una kijana nyumbani. Anajituma, hasumbui, kila mtu anamsifu. Nenda kamtazame sasa hivi. Muulize amekula nini leo, na usikubali jibu la mkato. Atanuna. Atasema unamfuatafuata kama mtoto mdogo. Mwache anune, ndugu yangu. Kuna mzee mmoja leo angetoa macho yake yote mawili ili anuniwe.