Nyuzi Sitini Nyeusi za Mzee Kenga

Miaka ishirini na tisa na miezi mitano. Huo ndio muda ambao Mzee Kenga Dzoro amelitumikia duka letu la vifaa vya kambi hapa Ndia Kuu, tangu Mei 1966 hadi leo Jumamosi, tarehe 30 Septemba 1995, anapostaafu. Mimi Khairiya, karani wa stoo, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwenye programu ya hafla ya kumuaga. Ofisi ilinipa na maneno ya kutia ndani: kwamba Mzee amefanya kazi vyema licha ya kosa la Desemba. Sikuyatia. Programu hii nimeipiga chapa bila kuipitisha ofisini, na atakayekasirika ajue mimi nimemtangulia.

Alikuja kutoka Kaloleni akiwa kijana, kazi yake kufagia na kutia viraka mahema. Siku moja marehemu Mzee Adamji, aliyelianzisha duka hili, alimkuta na mfuko wa kulalia uliopasuka. Badala ya kuushona upesi, Kenga alikuwa ameyatoa manyoya na kuyapanga mezani mafungu mawili: haya laini ya kifuani mwa bata, haya magumu ya bawa. Hakufundishwa na mtu. Kuanzia wiki ile hakuna mfuko wa kulalia uliouzwa hapa pasi na kupita mikononi mwake.

Wateja wetu ni watu wa kambi za kiangazi: skauti, walimu, wageni wenye shanta kubwa mgongoni na pesa za kubana. Wote hutaka kitu kimoja, mfuko wa manyoya ya bata, mwepesi, wa bei ndogo. Maduka mengine huwabeza. Mzee Kenga aliwakalisha na kuwaeleza kuwa bei ndogo si aibu, muhimu ni mtu kujua amepunguziwa nini. Ukipunguziwa kofia, mapambo na zipu ya kufika miguuni, chukua, kwa kambi ya kiangazi huna haja nayo. Ukipunguziwa manyoya, uache hapo hapo ulipo.

Ukaguzi wake nimeuona miaka kumi na minne na sijauchoka. Aliukunja mfuko ndani ya ngumi mbili, akauachia, akahesabu. Uliofura kabla ya kumi ulikuwa mzima. Aliuinua mlangoni kwenye jua aone kama manyoya yameenea au yamejikusanya pembeni. Aliusugua kwa kiganja, na ukimchoma alijua ni vijiti vya bawa. Aliupima kwenye mizani aliyoazima kwa jirani muuza tangawizi. Mwisho aliingia ndani mwenyewe, akajilaza sakafuni, na wapita njia wakimwamkia vile vile alivyolala. Mwaka 1983 zipu ilimgomea akiwa ndani, akarukaruka hadi kwa fundi cherehani wa mlango wa tatu, nusu ya mtaa ikimsindikiza kwa kicheko. Tangu hapo kila zipu aliivuta mara kumi.

Mfuko aliouridhia aliufunga uzi mwekundu kwenye zipu. Aliokataa aliufunga uzi mweusi, na ulirudi kwa aliyeuleta. Mzee Adamji mwenyewe hakuwahi kuubishia uzi. Iliyokubaliwa ilitundikwa kwenye boriti ipumue, maana ukiibana kwenye gunia, unyevu wa Mombasa huyagandisha manyoya. Bwana Mustansir, mwanawe Mzee Adamji, aliposhika duka mwaka 1992, alisema pamekuwa kama pahali pa kuanikia pweza, akaagiza itiwe maguniani. Mzee Kenga aliitikia vizuri, na kesho yake ikawa iko juu tena.

Sasa hiyo Desemba. Novemba mwaka jana ilifika mifuko sitini kutoka Kilindini, lebo zote zikisema manyoya ya bata. Mzee Kenga aliikagua siku mbili. Ndani mlikuwa na manyoya ya kuku yaliyokatwakatwa, yamechanganywa na vipande vya sponji. Yote sitini aliifunga uzi mweusi, kisha akaenda kwao kwenye matanga ya dadake. Kumbe Bwana Mustansir alishaiahidi mifuko ile kwa shule moja ya Tudor, kwa kambi ya likizo kwenye milima ya Taita. Akaniita, akaniambia nikate nyuzi. Nikakata. Sikubisha, sikuuliza, nikazikata zote sitini kwa mkasi wa stoo.

Kule milimani hata Desemba ukungu hushuka. Watoto walitetemeka usiku tatu ndani ya mifuko iliyolala bapa kama mkate wa kumimina uliokosa hamira. Msichana wa miaka kumi na mitatu, Mahjabeen, alirudi na kichomi, akalazwa siku tisa. Alipona, alhamdulillahi.

Januari, Mwalimu Levi, aliyewapeleka, aliingia dukani akautupa mfuko juu ya kaunta. Alitaka kujua ni nani aliyeuchagua. Bwana Mustansir, mbele ya wateja, akamnyooshea Mzee Kenga kidole. Ati macho yamezeeka. Ati ndiyo maana tunafikiria kumpumzisha. Mzee aliushika mfuko, akaitazama zipu, akakuta ncha ya uzi mweusi imebaki kwenye jino. Kisha akanitazama mimi. Alisubiri duka litulie ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kuwa mkasi ule ni butu, nimpe yeye autie makali.

Basi. Hakusema zaidi, siku ile wala baada yake. Alijua akisema nitafukuzwa, na alijua nina mama wa kuuguza. Miezi minane mtaa umemwita kipofu, walimu waliokuwa wakimwamkia kwa mikono miwili wakapita upande wa pili wa njia, naye anakunja mahema. Nimemkasirikia Bwana Mustansir kwa uwongo wake. Nimejikasirikia zaidi. Na wewe pia, Mzee wangu, nimekukasirikia, kwa kunistahi kiasi kile nami sikustahili hata robo yake.

Nyuzi zile sikuzitupa. Nilizitia kwenye kopo la biskuti, na leo programu hizi ni sitini kwa sababu nyuzi ni sitini. Wewe unayesoma, tazama kona ya juu. Huo uzi mweusi ulifungwa na Kenga Dzoro, kwa macho mazima, wiki tatu kabla ya mtoto yeyote kupanda Taita. Mwalimu Levi anao wake. Bwana Mustansir anao wake, pale kiti cha mbele. Jumatatu asubuhi nitakuja kazini kama kawaida, na nikikuta mlango umefungwa nitakuwa nimeelewa.

Mzee Kenga, ahsante kwa kila aliyelala na joto kwa sababu yako. Twakuombea siha, usingizi wa raha Kaloleni, na jina lako likufuate likiwa zima. Yako ni programu ya sitini na moja. Uzi wake ni mwekundu, na nimeufunga mwenyewe.