Mkanda wa Kiuno

Hiace ilipotoka Musoma, kijana aliyekaa mbele ya Rhobi alikuwa ameweka mapajani mkanda mpana wa ngozi. "Nanyanyuaga vyuma vya kilo mia na ishirini," alimwambia mwalimu mmoja aliyekaa naye. "Bila huu, mgongo unakatika."

"Unakudanganya tu, mdogo wangu. Unakuzoesha mzigo usio wako."

Wakabishana kilomita nyingi, kila mmoja bingwa wa mgongo ambao haujawahi kumuuma.

Mume wa Rhobi, Mashimba, alikuwa akipakia marobota ya pamba Bunda, na kwa miaka tisa Rhobi ndiye aliyemfunga kitenge kiunoni kila asubuhi, akikikaza kwa nguvu zake zote. Asubuhi moja walikuwa wamenuniana. Mashimba akaondoka bila kufungwa. Jioni aliletwa nyuma ya pikapu, miguu haisikii kitu.

"Tumuulize mama," kijana akageuka. "Eti mama, mkanda unasaidia, hausaidii?"

Gari likasimama njiapanda ya Butiama.

"Sijui, mwanangu," Rhobi alisema. "Nishushie mzigo wangu kwenye keria."

Kilikuwa kiti cha magurudumu. Kijana alikishusha kwa mkono mmoja.