Ngano ya Mwezi wa Kumi

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Naona wawili pale nyuma wananong'ona, "Huyu Kalasinga amepotea njia." Sijapotea. Nimezaliwa Nakuru, nimekula sukuma wiki kabla ya kuota meno, na kikundi hiki cha kufarijiana hapa Laurel kinanivumilia mwaka wa pili sasa. Leo ni zamu yangu. Sitataja jina la mtu.

Ndugu zangu, ninyi mkikutana huku Marekani mnaulizana jina la pili. Si kwa kupenda majina. Mtu anataka kujua kabila lako ndipo ajue akucheke vipi. Mnacheka kwa sababu ni kweli.

Sisi Makalasinga nasi tuna la kwetu. Walimu wetu wa dini walikataza matabaka tangu zamani. Ndiyo maana kila mwanamume ni Singh na kila mwanamke ni Kaur, ili jina lisitoboe ukoo. Hekaluni tunakula pamoja, tumeketi sakafuni mstari mmoja, tajiri na maskini. Vizuri sana. Lakini kabla hujamaliza chapati ya kwanza, jirani anauliza, "Kijiji chenu kipi? Mna shamba kubwa?" Hapo anakupima. Wewe ni wa wakulima, wanaojiona wenye nchi? Au wafanyabiashara wa mjini, wanaojiona wasomi? Au mafundi kama sisi? Au wale wafagiaji na watengeneza ngozi, tunaowadharau sote?

Mimi ni seremala, mtoto wa seremala. Nakuru haikuwa aibu. Mtu akiona kilemba alikuletea kiti kilichovunjika. Na sisi wa mjini tuliwacheka wakulima wa Punjab kwamba ni washamba, wana sauti kubwa na akili ndogo. Nami nilicheka, tena sana. Nawaambia mapema msije mkanihurumia bure.

Jumapili yangu ya kwanza Virginia, nilipohamia huku Marekani, nilimsikia mtu akimtania mwenzake hekaluni: "Huyo ni wa ukoo wa maseremala. Mpeni nyundo, msimpe kipaza sauti." Watu wakacheka. Nilipoulizwa mimi, ulimi ukateleza: "Sisi wakulima. Ekari arobaini. Ngano."

Aliyekuwa akigawa dengu siku ile ni mzee mmoja, mkulima wa kweli, mshamba hasa kama wale tuliokuwa tukiwacheka. Akaniuliza, "Nanyi huvuna lini?" Jamani, ngano niliyowahi kuiona maishani ni ya Njoro, kupitia dirisha la basi! Nikasema, "Mwezi wa kumi." Upawa wa mzee ukaning'inia hewani. Kisha akaniongeza dengu, akaenda zake.

Nikajua nimepita. Nikaacha useremala, nikaendesha teksi ya uwanja wa ndege kutoka Herndon. Randa, patasi na msumeno alivyonipa Baba nikavifunika blanketi garajini kwangu Manassas. Miaka kumi na moja, ndugu zangu. Mikono yangu ikawa laini kama ya karani, nami nikafurahi.

Halafu Mama akafariki Nakuru, nikamleta Baba. Kidole chake kimoja kilikatwa na msumeno zamani, na hakuna asiyejua maana yake. Nikamwambia garini, "Baba, wakikuuliza, sema tulikuwa na shamba. Na mikono, ukiweza, iweke mfukoni." Akaiweka mfukoni. Hekaluni akala kwa mkono mmoja, haraka, kama mtu aliyeiba.

Jumapili ya tatu alikataa kwenda. Mke wangu akaniambia, "Baba yako alikulisha kwa mikono hiyo unayoionea haya." Nikamkasirikia wiki nzima. Ukweli ukikupata huwa unauma.

Siku ya sherehe ya mavuno, mwezi wa nne, Baba akakubali kuja. Watu walijaa. Rafu ya viatu pale mlangoni ikaanguka, viatu vikatapakaa kila upande. Vijana wakaleta nyundo na misumari mikubwa. Baba alikuwa kando yangu. Kisha akasema, "Msipige hapo! Mbao itapasuka. Fuateni uzi wake, mistari hii ya mbao."

Yule mzee mkulima akauliza kwa upole, "Ndugu, umejuaje?"

Baba alinigeukia mimi. Alinitazama kama mtoto anayeomba ruhusa ya kusema. Umri wa miaka themanini, ndugu zangu, akisubiri mwanawe amruhusu kuwa yeye mwenyewe.

Samahani. Nipeni maji kidogo.

Nikasema, "Ni baba yangu. Ni seremala, nami ni seremala. Shamba hatuna, hata la mchicha." Kuna aliyeguna. Kuna waliotazama ukutani, na familia mbili hazijanialika chai hadi leo. Lakini Baba alitoa mikono mfukoni.

Mzee mkulima akanishika bega. "Mwanangu, nilijua tangu siku ile ya dengu. Ngano ya kwetu Punjab huvunwa mwezi huu tunaosherehekea. Nilingoja uchoke mwenyewe."

Miaka yote hiyo! Mshamba wangu alinistahi kuliko nilivyomstahi baba yangu.

Nilikwenda Manassas siku ileile kuchukua vifaa. Tulitengeneza rafu ile watatu: Baba akipima, mimi nikikata, mzee akishika mbao upande usiofaa na kukaripiwa. Walikuwa marafiki hadi Baba alipofariki mwaka jana, na mzee alilia kuliko mimi.

Namshukuru mke wangu, aliyesema nilipotaka anyamaze, na mzee yule, aliyenyamaza nilipohitaji. Nawashukuru ninyi, mlionisikiliza nikilia bila kuniuliza ukoo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu nilimkanyaga mzazi njiani. Kama yuko unayemficha ili ukubalike, mpigie simu leo. Usimsubirishe.

Bado wageni wapya hekaluni huniuliza, "Mna shamba kubwa?" Nawajibu, "Baba yangu alikuwa seremala." Wengine husogea kando kidogo. Mimi nanyoosha mikono yote miwili, napokea chapati yangu.