Paka, Betri na Ufunguo wa Klara

Mgeni rasmi, Mzee Hiren, mfanyabiashara wa Singida mjini na mfadhili wetu. Viongozi na majirani mliofika:

Shikamoo Mzee, na karibu Kilimatinde. Umekipanda kilima chetu kwa gari linalowaka lenyewe. Letu, mpaka juzi, tulikuwa tunalisukuma.

MAFANIKIO
Tangu utupe pikapu, mafuta yetu ya alizeti yanafika Manyoni watu hawajamaliza chai. Ukatuwekea na spika juu ya paa, amplifaya yake ya kukuza sauti chini ya kiti cha dereva, ili tutangaze biashara. Mzee, tunasikika!

CHANGAMOTO
Kila asubuhi betri ilikuwa imekufa. Tukawa tunaegesha pua ikitazama mteremko, kisha akina mama tunajifunga vitenge na kusukuma. Siku za mwanzo tulicheka. Tukanunua betri mpya, nayo ikafa. Lawama zote zikamwangukia dereva wetu, Klara.

"Unaacha taa, wewe!" alifoka mwenyekiti, Mama Damari.

"Mama, taa nazima."

Akanyang'anywa ufunguo hadharani. Klara aliumia sana, ila hakususa. Alfajiri alikuja kusukuma kama wengine. Asubuhi moja ya baridi alimfukuza paka aliyelala chini ya kile kiti cha dereva, akashangaa: mnyama gani huyu anaacha majiko yote ya kijiji anakuja kulalia chuma? Akaigusa amplifaya. Ina joto, na gari halijawashwa tangu jana.

"Mama Damari, njoo ushike hapa."

Fundi Obadia akachomoa waya wa hasi kwenye betri, akaunga balbu ndogo katikati ya waya na betri. Gari limezimwa, balbu inawaka! Kuna kitu kinakula umeme. Klara akachomoa fyuzi ya amplifaya, balbu ikazimika. Vigelegele vilivyopigwa, paka alikimbia mpaka leo anatuogopa.

MAOMBI
Mzee, kwa heshima zote, mla betri ni zawadi yako. Amplifaya iliungwa moja kwa moja kwenye betri, hivyo haikulala hata gari likizimwa. Hatuombi betri. Tunaomba ruhusa Obadia aiunge upya ili izimike gari likizimwa. Kukata waya wako bila kukuuliza tuliona haya.

La mwisho ndilo lililotufanya tukuite. Ufunguo uko mezani, kwenye kisahani. Ulichukuliwa mbele za watu. Tunaomba umrudishie Klara wewe mwenyewe, mbele za watu hawahawa. Kisha upande gari, akuzungushe kijiji kizima spika ikiimba.

Mungu akuzidishie afya, na gari lako liwake kila asubuhi.

Ni sisi Wakamuaji Alizeti wa Kilimatinde, ambao leo mikono yetu ni ya kupiga makofi tu.